Mwenye Mbwa Anaujua Mpaka

Ilani ya wakulima na wasasi wa ardhi ya maweni, Unguja

Sisi tunaolima na sisi tunaosaka katika ardhi ya maweni, kusini na mashariki mwa Unguja, tumekaa pamoja na kukubaliana juu ya jambo moja: usasi wa mbwa urudi chini ya idhini ya mwenye konde. Kwa ajili ya hilo tunaanzisha harakati hii. Hatuombi mbwa wauawe, wala hatuombi usasi ufutwe. Tunataka kila mbwa anayefunguliwa kamba awe na mtu wa kumjibia, na kila konde atakalopita liwe na mtu aliyeombwa ruhusa kabla.

Anayeishi upande wa magharibi wa kisiwa, penye udongo mwingi na minazi mirefu, huenda asione uzito wa jambo hili. Kwetu jiwe ndilo ardhi. Udongo umejificha katika vishimo na nyufa za matumbawe ya kale, kiganja hapa, beseni kule. Mkulima hukata kichaka, hukiacha kikauke, hukichoma, kisha hupanda muhogo, kunde, mbaazi au matikiti palipo na udongo, na jembe lisipoingia hutumia mtaimbo. Mawe anayoyaokota huyapanga pembezoni kuwa ukuta wa kumzuia nguruwe mwitu. Ukuta huo haujengwi kwa siku moja, na mara nyingi aliyeuanza ni babu wa anayelima leo. Baada ya misimu michache udongo huchoka. Konde hulazwa, kichaka hurudi, na mwenyewe huhamia kipande kingine mpaka kile cha kwanza kipumzike.

Hilo la konde kulazwa lishikwe vizuri, maana ndiko ugomvi mwingi unakoanzia.

Ukuta wa mawe haumshindi nguruwe aliyeazimia. Kundi likipenya usiku mmoja, muhogo wa mwaka mzima hufukuliwa, na kisichotafunwa hukatwa na kuachwa kioze. Mchana wanakuja kima. Ndiyo maana wazee walijenga madungu na kulala juu yake wakipiga madebe, na ndiyo maana mpaka leo kuna watoto wanaofika skuli na usingizi wakati wa mavuno kwa kuwa walikesha wakiamia. Zamani kisiwa hiki kilikuwa na chui wake, mnyama mkubwa kuliko wote waliowinda nguruwe na paa humu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 chui alisakwa katika kampeni iliyochanganya hofu ya uchawi na hasira ya wafugaji waliopoteza mbuzi, mpaka akabaki katika masimulizi. Kazi aliyoiacha ameichukua mbwa wa msasi.

Kwa hiyo tunasema wazi, na tunataka wakulima wenzetu walisikie: bila wasasi hatuvuni. Wao ndio huamka alfajiri na kuingia vichaka vya miiba ambavyo wengi wetu hatuthubutu kuvikaribia. Wazee walisema msasi haogopi mwiba, na hawakutia chumvi. Mbwa mzuri wa kusakia hulelewa tangu mdogo, hufundishwa kufuata harufu, kumzingira nguruwe bila kumkimbilia mdomoni, na kurudi anapoitwa. Huvishwa njuga ili mwenyewe ajue alipo. Akipasuliwa tumbo na pembe za nguruwe, msasi hushona mwenyewe kwa sindano na uzi, na anayempoteza hulia. Tumewaona wakilia. Mbwa huyo haitwi mbwa koko, na yeyote katika harakati hii atakayemwita hivyo atakuwa hajaelewa tulichokubaliana.

Hata dini imempa nafasi yake. Hadithi za Mtume zinazoonya juu ya kufuga mbwa bila sababu zinaondoa katika onyo hilo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na Surat Al-Maida inahalalisha kilichokamatwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda. Sisi si maulamaa na hatutoi fatwa. Tunachokiona ni kwamba mbwa wa msasi na shamba la mkulima wamewekwa ndani ya ruhusa moja. Aliyemfuga mbwa kwa ruhusa iliyotajwa pamoja na shamba, kisha akamwachia aliharibu shamba, atajibu nini?

Zamani mkulima ndiye aliyemwita msasi. Nguruwe akiingia, mtu alikwenda kwa mkuu wa wasasi wa kijiji, akaeleza alama za kwato zimeelekea wapi, siku ikapangwa, wenye makonde jirani wakaambiwa wafunge mbuzi na kuku, na vijana wa kijiji wakatoka pamoja na wasasi kwa sababu wao ndio waliojua ukuta gani ni wa nani. Siku hizi makundi yanatoka mbali, yanaitana kwa simu, yanafika kwa pikipiki na magari ya mizigo, na mwenye konde anajua kuna msako pale anaposikia njuga zinalia katikati ya muhogo wake. Siku ya kusaka inachaguliwa na asiyelima. Mahali pa kusaka panachaguliwa na asiyejua kilichopandwa. Mkulima, ambaye kwa ajili yake usasi ulikuwepo, amegeuzwa kuwa kizuizi njiani.

Matokeo yake tunayajua sote. Mbwa kumi wakimfukuza nguruwe ndani ya kunde zinazotoa maua, mwisho wa siku hutaweza kusema kilichoharibiwa na nguruwe ni kipi na kilichoharibiwa na mbwa ni kipi. Ukuta wa mawe hubomolewa ili watu wapite na nyavu, kisha huachwa wazi, na usiku ule ule nguruwe waliosalimika huingilia hapo hapo. Mbuzi aliyefungwa malishoni hukutwa ameraruliwa. Mbwa aliyepotea kundi lake huzunguka siku mbili tatu kijijini akiwa na njaa, huingia jikoni, hulamba chungu. Kwetu chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mama anayechota maji mbali anajua mara saba ni ndoo ngapi. Mtoto akiumwa na mbwa asiyejulikana mwenyewe, hakuna wa kuulizwa kama amechanjwa, na familia inakwenda hospitali ikiwa na hofu ya kichaa cha mbwa.

Na wasasi walipopewa nafasi ya kusema, nao walisema. Walisema huitwa usiku kwa kubembelezwa na hutukanwa mchana. Walisema wapo watu wanaopokea kazi yao kisha hawawapi mkono wala maji ya kunywa, kana kwamba najisi ni ya mtu. Zaidi ya yote walisema kuhusu sumu.

Juu ya sumu hatutamung'unya maneno. Wako wakulima wanaotia sumu kwenye vipande vya nyama au dagaa na kuviacha kando ya ukuta. Hawajui nani atavila. Anakufa mbwa aliyelelewa miaka, anakufa paka wa jirani, anakufa kunguru na kudondokea kisimani, na ipo siku atakufa mtoto. Mkulima anayetega sumu hana nafasi katika harakati hii, na hasara aliyoipata haimpi udhuru. Vivyo hivyo anayemkatakata mbwa kwa panga kwa kuwa tu amemkuta kondeni. Mbwa hakujituma.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neno ambalo kila mkulima amewahi kujibiwa: mbwa hajui mpaka. Ni kweli kabisa, hajui, wala hatumdai ajue. Lakini msasi anajua. Anajua upepo unavuma wapi, anajua nguruwe akishtuliwa kwenye pango lile atakimbilia bonde lipi, anajua mbwa wake watamfuata mpaka wapi. Huo ndio ufundi wake, na ndio anaojisifu nao barazani. Mtu hawezi kuwa bingwa wa kujua mbwa wake waendako wakati wa kusimulia, kisha akawa hajui wakati wa kulipa.

Jambo hili limewahi kuamuliwa kwingine. Huko Uingereza, katikati ya miaka ya 1980, chama kinachopinga uwindaji kilichokuwa kimenunua ardhi huko Exmoor kiliwashtaki wawindaji wa kulungu kwa sababu mbwa wao waliingia humo mara kwa mara. Hoja iliyokubaliwa na mahakama ilikuwa hii: kiongozi wa msako anabeba dhamana ikiwa alikusudia mbwa waingie, au kama walipenya kwa uzembe wake wa kutowazuia; na anayewaachia mbwa karibu na ardhi aliyokatazwa, akijua hatari ipo na asijali, anaweza kuhesabiwa kuwa amekusudia. Virginia, Marekani, ilichukua njia nyingine. Sheria ya huko inamruhusu mwindaji kuingia ardhi aliyokatazwa ili kumchukua mbwa wake, kwa sharti asibebe bunduki wala upinde, na ajitaje akiulizwa na mwenye ardhi. Wenye ardhi wengi hawakuridhika, na baadhi wamelifikisha suala hilo mahakamani. Jimbo la Georgia nalo liliamua mwaka 2003 kwamba anayewinda kulungu kwa mbwa awe na kibali cha ardhi yenye ukubwa maalumu, ekari 250 kama ni yake na 1,000 kama amekodi, na namba ya kibali ionekane kwenye mbwa wenyewe. Hatuna makonde ya ekari 1,000, na hatuagizi sheria za watu zije zilivyo. Tunachochukua ni akili iliyomo: mwenye mbwa ana jina, na jina hilo lionekane.

Sisi tunayo hukumu ya zamani kuliko hizo zote. Surat Al-Anbiyaa inataja kesi iliyofikishwa kwa Nabii Daud na Nabii Suleiman, ya mbuzi na kondoo wa watu walioingia usiku katika shamba la mtu. Wafasiri wanaeleza kwamba Suleiman aliamua mwenye shamba apewe wanyama anufaike nao kwa muda, na mwenye wanyama alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja achukue chake. Tumeizungumza hukumu hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu inatufaa. Msasi wa kwetu hana fedha mfukoni. Ana mikono. Kumdai laki kadhaa ni kumfukuza mezani, ilhali kumdai ajenge upya ukuta alioubomoa na apande upya mihogo iliyong'olewa ni kudai kitu anachoweza kukitoa kesho asubuhi.

Iko hoja ya pili inayorushwa kwetu, nayo ni nzito zaidi: ardhi ni ya serikali, kwa hiyo hakuna wa kumzuia mtu kupita. Tunaijibu kwa utulivu. Ni kweli kwamba baada ya Mapinduzi ardhi ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa serikali, na Sheria ya Ardhi ya 1992 imeendelea na msingi huo. Lakini sheria hiyo hiyo inatambua haki ya mtu kutumia ardhi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba muhogo uliopandwa na mtu ni wa kila mpita njia. Kwetu hata mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi uliposimama ikawa ya mwingine, na watu wanaishi hivyo kwa kuheshimiana.

Kabla ya sheria zote hizo kulikuwa na taratibu za vijiji vya Wahadimu, wenyeji wa kale wa ardhi hii ya maweni. R. H. W. Pakenham, afisa wa kikoloni, aliandika mwaka 1947 juu ya umiliki wa ardhi Chwaka, na John Middleton aliandika juu ya Zanzibar kwa upana zaidi mwaka 1961. Walichokikuta ndicho wazee wetu wanachokisimulia: kila kijiji kilikuwa na vichaka vyake, mgeni aliyetaka kuvitumia aliomba ruhusa, na watu wanne wa kijiji ndio waliosikiliza maombi na kuamua magomvi. Kichaka hakikuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Mgeni akiona kichaka, mwenyeji anaona konde la mjomba wake lililolazwa, lenye ukuta uliofunikwa na majani, na huenda lenye mizinga ya nyuki na miti iliyoachwa makusudi. Anayevunja ukuta huo akidhani ni mawe ya porini amevunja akiba ya familia ya miaka mitano ijayo. Tunawaomba wasasi wa kutoka mbali waliamini hili hata kama macho yao hayalioni, na wawe na mwenyeji wa kuwaonyesha.

Mwenyeji anahitajika kwa sababu nyingine pia. Katika misitu yetu anaishi paa nunga, ambaye duniani kote hapatikani ila hapa Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Ni mnyama mdogo, mwoga, na analindwa. Wachache walihamishiwa Chumbe na Mnemba ili angalau kizazi chao kibaki. Mbwa aliyefunguliwa kwa ajili ya nguruwe akikutana na paa nunga hatamwacha, na baadhi ya misako inayotangazwa kuwa ya nguruwe inalenga nyama ya paa tangu mwanzo. Tunalisema kwa kuwa wasasi wenzetu wamelisema wenyewe. Sheria ya Misitu ya 1996 ilifungua mlango kwa jamii kusimamia misitu yao kwa makubaliano na serikali, na Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Mipaka hiyo itakuwa ya karatasi tu ikiwa mbwa wasio na majina wanaingia usiku kusaka.

Basi tunadai haya. Kila mbwa wa kusakia aandikishwe kwa sheha wa shehia anayoishi mwenyewe, achanjwe, na avae mkanda wenye jina la mwenyewe na shehia yake. Gharama ya chanjo isiachiwe msasi peke yake. Kazi yake inalinda chakula cha kijiji, na halmashauri itie mkono. Hakuna msako bila wito au idhini ya wenye makonde wa eneo, na taarifa itolewe kwa sheha siku mbili kabla ili mifugo ifungwe na watoto wasitumwe kuni upande huo. Kundi la nje litembee na mwenyeji. Mbwa akipotelea konde la mtu, mwenye mbwa ana haki ya kumfuata, kwa miguu, bila bunduki wala mkuki, na kwa kupiga hodi nyumbani kwa mwenye konde kwanza. Na mwenye konde ana wajibu wa kumfungulia njia, kumpa mbwa maji, na kutomgusa. Mbwa anayezurura kijijini afungwe mahali penye kivuli na mwenyewe apigiwe simu. Asipokuja kwa siku tatu, sheha aamue.

Uharibifu ukitokea, tunataka baraza la watu wanne lirudi, wawili wakulima na wawili wasasi, likae kondeni penyewe siku ya pili, uharibifu ukiwa bado mbichi, liamue kazi ya kufidia na nani aifanye. Wanawake wawemo katika baraza hilo, kwa sababu wengi wa wanaolima maweni ni wao, na zamani hawakuulizwa. Asiyekubali uamuzi aende mahakamani, ni haki yake. Kwa Baraza la Wawakilishi ombi letu ni fupi: mpeni sheha nguvu ya kisheria ya kuandikisha mbwa wa kusakia na kuzuia msako usio na idhini, na adhabu ya kutega sumu iwe kali na itangazwe misikitini na skuli.

Nasi tunajifunga. Hatutaharibu mtego, wavu wala gari la msasi. Hatutampiga mtu. Hatutaitumia harakati hii kuwafukuza wageni waliohamia kwetu, wala kumdharau asiye Mwislamu anayekula nyama ya nguruwe aliyeuawa shambani kwetu. Hatutachukua fedha za mwekezaji anayetaka vichaka vifungwe kwa wasasi leo ili kesho vifungwe kwetu pia. Wawekezaji wa pwani ya mashariki wametufundisha kuuliza mapema. Na hatutakaa kimya mkulima mwenzetu akitia sumu kwa kuwa ni ndugu yetu.

Anayetaka kujiunga hahitaji kadi. Ajitokeze kwenye baraza la shehia yake, aseme analima wapi au anasaka na nani, na jina lake liandikwe kwenye daftari moja na wengine, wakulima na wasasi katika ukurasa uleule.

Ndugu msasi, usingoje sheria ipite. Kabla ya msako ujao andika jina lako na shehia yako kwenye mkanda wa mbwa wako, halafu nenda kwa mwenye konde umuulize nguruwe wamepita wapi. Na wewe mwenye konde, kama umeficha sumu darini, itoe leo uikabidhi kwa bwana shamba, kisha umwambie jirani yako naye atoe yake.